Kaunti ya Dereva wa Basi la Shule

Kwa majira mawili ya baridi nilimhudumia mzee mmoja katika mji wa Crystal, Minnesota, Marekani, si mbali na chumba nilichopanga. Nilimwogesha, nikampikia, nikampa dawa na kukaa naye hadi saa kumi jioni. Alikuwa mjane. Binti yake, mfanyakazi wa ofisi moja kule Plymouth, ndiye aliyemleta Minnesota kutoka kaunti ya milimani, Appalachia, mashariki mwa nchi, baada ya mzee kuanguka mara mbili akiwa peke yake nyumbani.

Siku za kwanza hakunijibu zaidi ya ndiyo na hapana. Alikaa dirishani akitazama nyumba za jirani zilizofanana zote, na theluji iliyotandazwa sawasawa. Mimi nami sikuwa na mengi ya kusema. Mwanangu alikuwa chuoni jimbo jingine, nikimpigia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na kwa maneno machache. Kuna wiki nilizofika Jumapili kanisani nikagundua sijazungumza kwa lugha yangu tangu Jumapili iliyopita.

Siku moja mzee akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kenya, kwenye milima ya Taita. Akageuza kiti.

"Kwenu jua huchelewa kufika bondeni?" akauliza.

Nikamweleza kwamba jua lilitufikia saa tatu asubuhi, wakati wenzetu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wameshaanika nguo. Akacheka, na huo ndio mwanzo wa mazungumzo yetu.

Alikuwa ameendesha basi la shule kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo kaunti yake aliijua kwa vituo. Mto mmoja uliikata katikati. Kila kijito kilichoingia mtoni kilikuwa na bonde lake, na kila bonde lilikuwa na ukoo wake. Barabara zilifuata maji, maana hapakuwa na pengine pa kupita. Jirani wa nyuma ya mlima ulimsikia jogoo wake akiwika, lakini kumfikia kwa gari ni nusu saa. Mji wenye mahakama ulijengwa mahali pekee palipokuwa tambarare, na mafuriko yalipokuja yalianza na mji huo.

Babu zake walilima mahindi kwenye miteremko mpaka walipofika watu wenye makaratasi, wakanunua kilichokuwa chini ya ardhi na kuwaachia wenyeji cha juu. Wengi walitia alama ya msalaba kwenye maandishi wasiyoweza kuyasoma. Kisha ikaja reli, ikaja migodi ya makaa ya mawe, zikaja nyumba za kampuni za rangi moja. Baba yake alikufa kwa vumbi la makaa lililomjaa kifuani. Mashine zilipochukua kazi za watu, familia zilifunga mizigo kwenda viwandani kaskazini, na basi lililokuwa likijaa hadi watoto wakasimama likabaki na watoto kumi na mmoja. Alizijua nyumba zilizohamwa, moja baada ya nyingine, na nani alifunga mlango wake lini.

Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumponyoka, akaniomba niandike. Nikaleta daftari. Lakini Kiingereza chake cha milimani kilimeza maneno, nami ili nisiachwe nyuma nikawa naandika kwa Kiswahili. Alipoinama akaona, nilimwomba radhi.

"Andika kwa lugha yoyote," akasema. "Ila usiruke kituo hata kimoja." Nikamwahidi.

Kituo cha kwanza kilikuwa uani kwake, alipolaza basi. Waliopanda hapo walikuwa binti zake wawili. Mdogo alichukuliwa na kijito wakati wa mvua za Aprili, akiwa na miaka minane. Baada ya mazishi mzee alirudi kazini. Kila asubuhi alimpandisha binti mkubwa, huyu wa Plymouth, kisha akauacha mlango wazi kwa muda wa kumtosha mtoto mdogo kupanda ngazi. Ndipo akaufunga. Alifanya hivyo mpaka yule mkubwa alipomaliza shule. Aliniambia haya akiitazama kalamu yangu, na nilipomaliza kuandika akaomba chai.

Mzee alifariki hospitalini mwezi wa tatu. Wakala aliyeniajiri alinipigia kunijulisha kwamba zamu yangu imefutwa. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nikavivua, nikaketi kitandani, sikujua nimpe nani pole wala nani anipe mimi.

Wiki mbili baadaye binti yake akaniita tuonane Crystal. Nyumba ilikuwa tupu, tukakaa kwenye ngazi. Baba yake alikuwa amemwambia habari za daftari, nami nikampa. Akalifungua, akafunua kurasa, akanitazama. Nikamweleza kwa nini ni Kiswahili, kisha nikaanza kumsomea kwa Kiingereza, bonde kwa bonde. Nilipofika kituo cha kwanza nilitaka kukiruka, lakini nilikuwa nimeahidi.

Binti akaliinamia daftari.

"Nilikuwa nikimgombeza baba kila asubuhi," akasema. "Nilimwambia funga mlango, baridi inaingia. Hakunijibu hata siku moja. Nilidhani amemsahau mdogo wangu."

Akaniomba nimsomee tena sehemu ile, safari hii kama ilivyoandikwa. Nikamsomea kwa Kiswahili polepole, na yeye akafuata kwa kidole mistari asiyoielewa. Alipoondoka alilichukua daftari. Nilitamani kumwambia aniachie walau kurasa chache, lakini lilikuwa lake.

Sasa nafanya kazi Champlin, mji mwingine wa hapa Minnesota, kwa bibi mmoja anayelala karibu mchana kutwa. Kiangazi kilichopita, nikiwa jikoni kwake, simu yangu ililia. Yule binti alikuwa amefika kaunti yao. Alinitumia picha ya ua wao uliofunikwa na miti, nyumba haipo, na chini yake picha ya neno moja la mwandiko wangu. Aliuliza maana yake.

Nikamwandikia kwamba ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Akanishukuru. Nikakaa na simu mkononi nikingoja kama angeuliza jingine, mpaka bibi alipoamka na kuniita.