Ngitili ya Juu ya Maji

Mama alipobaki peke yake kule kijijini Migato nilimleta Bariadi akae nami. Hazikupita siku nyingi akaanza kufunga mzigo. Kila asubuhi alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, kisha akakaa. Mtu aliyeamshwa na ng'ombe maisha yake yote utamwambia nini, atazame televisheni? "Mjini mnakaa tu kama wageni wa harusi," aliniambia. Sikutaka kabisa arudi kwenye nyumba tupu, lakini ubishi wake naujua, maana ndio niliourithi.

Nyuma ya nyumba nilikuwa nimechimba kibwawa, ukubwa wa kitanda, nikatandika turubai na kutia maji na samadi kidogo. Humo nilipanda azola, vijani vidogo vinavyoelea juu ya maji, chakula cha kuku wangu. Mama alivitazama akacheka hadi akashika mbavu.

"Majani yasiyo na udongo! Mwanangu, siku hizi unafuga vyura?"

Vijani vilipofunika maji yote akaacha kucheka. Akachukua kigoda akakaa pembeni. Akawa anaokota takataka zilizodondokea humo, anaongeza maji yaliyokaushwa na jua, anasogeza gunia la kivuli. Mzigo wake ukarudi chini ya kitanda, nami nikawa naimba jikoni.

Kumbe nilisherehekea mapema. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta bwawa limezungushiwa matawi ya miiba. Nilipoleta kichujio nivune, Mama akanizuia.

"Acha. Hii ni ngitili."

Kwetu ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua. Hayaguswi mpaka kiangazi kishike, ndipo ndama na ng'ombe waliodhoofu wafunguliwe. Mama amelinda ngitili tangu akiwa msichana.

"Mayu, mama yangu, azola haifungiwi. Huvunwa kila siku."

"Kiangazi kinakuja, kuku watakula nini? Akiba haiozi."

Nani abishane na mama yake aliyeanza tena kula akashiba? Nikawanunulia kuku pumba.

Akiba ikaoza. Vijani vilipandana, vya juu vikawa vyekundu, vya chini vikageuka uji mweusi, na harufu ikavuka ua mpaka kwa jirani. Mama alisimama pale ameshika shavu. Kisha akaingia ndani, nikasikia mzigo ukiburutwa.

"Nirudishe Migato," alisema. "Hapa hata majani yanaukataa mkono wangu."

Niliogopa kweli. Nikakimbilia bwawani, nikang'oa miiba, nikachota uozo ule kwa mikono. Kwenye kona yenye kivuli nikapata konzi moja ya kijani kibichi. Nikaitia kwenye beseni lenye maji safi na samadi kidogo, nikaliweka mlangoni pa chumba chake.

"Lijae kwanza hili, ndipo nikupeleke."

Beseni likajaa. Nikampa kichujio, nikamwomba nusu awape kuku. Alichota huku amekunja uso, kana kwamba namchinjisha mtamba. Kesho yake akakuta pengo lile limeanza kuziba, na keshokutwa yake halionekani tena. Nilimsikia akicheka peke yake.

"Kumbe hii hunenepa kwa kuliwa!"

Bwawa tukalirudisha, miiba tukaifanya kuni za kupikia ugali. Siku hizi Mama huamka kabla yangu, huwasalimu kuku "mwangaluka" kama watu wazima wenzake, huvuna, kisha humpelekea jirani yule wa harufu bakuli la azola kwa ajili ya bata wake. Anarudi na umbea wa mtaa mzima.

Kiangazi kiliposhika, mjomba alipiga simu kutoka Migato. Nyumba ya Mama ameiezeka upya, je, aje kumchukua lini? Nilimpelekea Mama simu bwawani. Hakuipokea, mikono yake ilikuwa imelowa mpaka viwikoni.

"Mwambie aje achukue mbegu," alisema. "Mimi siwezi kutoka. Ngitili yangu inavunwa kila siku."