Twiga na Fremu ya Mkwewe

Mtaa mzima ulimwita Twiga, naye aliitika bila kinyongo, maana urefu wake haukuwa jambo la kubishania. Milango mingi aliipita ameinama. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na ushei alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, hatua tatu tu kutoka jikoni. Ukutani spana zilitundikwa kwa ukubwa, na nyuma ya kila moja alikuwa amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana pengo lipige kelele lenyewe.

Alikuwa na binti mmoja, mwalimu, aliyeolewa na mchomeleaji wa vyuma, mtu mpole kupita kiasi. Mkwe huyu alimheshimu Twiga mpaka ikawa kero. Miaka sita ya ndoa, mazungumzo yao hayakuvuka salamu na afya ya wajukuu. Akiwa na neno, alimtuma mkewe. "Mwambie mama chai imetosha," angesema, na mama mwenyewe amekaa naye meza moja, kijiko mkononi.

Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi, Twiga alipomwona mkwewe kasimama mlangoni peke yake, kitu kikubwa kimefungwa shuka begani, moyo ulimlipuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna nini? Mwenzio mzima?"

"Mzima kabisa. Leo nimekuja mwenyewe." Akalisogeza furushi begani. "Nimekuja kwa fundi, mama. Sikuja kwa mkwe."

Akalitua lile furushi mezani na kulifungua taratibu. Ndani mlikuwa na fremu ya baiskeli, ya chuma kitupu kisichopakwa rangi, mabomba yake manene, maungio yake yametambaa vizuri kama mshono wa fundi cherehani. Twiga alivaa miwani.

Mkwe akaeleza, macho yake sakafuni. Ofisi ya mifugo ilikuwa imemwagiza baiskeli kumi na mbili kwa maofisa wake, watu wanaopanda milima kuwafuata ng'ombe wagonjwa. Walitaka baiskeli moja ifanye kazi zote: ipite kwenye mawe, ikimbie kwenye lami, ibebe sanduku la dawa nyuma, na isivunjike. Mbele angeweka uma wenye springi wa kushika gurudumu. Nyuma hapana, gurudumu lingefungwa kwenye fremu moja kwa moja.

"Kwa nini nyuma umeinyima springi?"

"Ina viungo vingi, mama. Kila kiungo kinalegea, na kule mlimani hakuna fundi. Nyuma ikiwa ngumu, hakuna cha kuharibika."

"Isipokuwa makalio ya ofisa."

Mkwe aliinama mpaka kidevu kikagusa kifua, masikio yamemwiva. Twiga alicheka peke yake, kisha akamhurumia.

"Unataka nifanyeje nayo?"

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ofisi ilitaka fremu ya mfano ipimwe na fundi mwingine, aandike alichokiona na kutia sahihi. "Nimefikiria mafundi wote ninaowajua," alisema. "Hakuna asiyenionea haya au wivu. Wewe mama hutanionea haya."

Twiga aliianza kazi siku hiyo hiyo. Alifunga uzi kichwani mwa fremu, akaupitisha nyuma hadi yanapokaa magurudumu, akaurudisha upande wa pili, kisha akapima kutoka kwenye uzi hadi bomba la katikati, kulia na kushoto. Sawasawa, hata unene wa ukucha haukupungua. Akagonga kila bomba kwa spana ndogo, sikio karibu, akisikiliza kama kuna mahali sauti inakufa. Akafunga gurudumu lenye tairi pana na kuingiza vidole viwili kati ya tairi na chuma, pande zote. Vikapita. Tope lingepata njia ya kutokea. Mwisho akafunga uma, breki, cheni na siti, akaitoa nje.

Alikuwa amekusudia kuizungusha mtaani tu. Lakini alipoikanyaga ile baiskeli ikaitika. Ukisukuma pedeli, nguvu yote inakwenda nyuma kwenye gurudumu, haipotei njiani. Akajikuta amepita duka la mwisho, amepita shule, anapanda kilima chenye tangi la maji, ambako hakuwa amepanda kwa baiskeli tangu mumewe alipofariki. Juu alisimama akihema, akalishika lile bomba la juu kama mtu anayeshika shingo ya farasi. "Mtoto wa watu ana mikono," akasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Majuma mawili aliitesa. Alifunga mfuko wa mchanga nyuma na kwenda nayo machimbo ya kokoto. Aliishusha ngazi za soko, zote ishirini na mbili, wauza nyanya wakipiga kelele kama wanaona ajali. Habari zikamfikia binti kabla Twiga hajafika nyumbani.

"Mama, ngazi? Kwa umri huo?"

"Ofisa wa mifugo akikutana na ngazi atafanyaje?"

"Atashuka, mama! Atashuka kama watu!"

Ikaja Ijumaa ya pili. Twiga alivua kila kitu, akaisafisha fremu, akapaka mafuta ya taa kwenye maungio yote. Akasubiri, akayafuta mpaka yakakauka kabisa, kisha akapaka unga wa chaki aliouomba kwa binti yake. Ni njia ya zamani: chuma kikiwa na ufa, mafuta hujificha ndani yake, halafu hutoka polepole na kuilowesha chaki. Akaenda kukoroga uji. Aliporudi, maungio yote yalikuwa meupe ila moja. Pale bomba la siti linapokutana na bomba la juu, palikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele, urefu wa punje ya mchele.

Alikaa chini. Angeweza kuifuta ile chaki. Aliwaza hilo, si uongo, kwa muda wa kupumua mara moja. Halafu akamwona ofisa fulani mteremkoni, siti imekatika, na akampigia simu mkwewe.

Mkwe alipofika, Twiga alimpa kioo cha kukuzia na kumwelekeza kwa kidole. Mkwe aliangalia muda mrefu. Uso ulimshuka.

"Asante, mama," alisema. Akaifunga fremu kwa shuka lake na kuondoka, na hakugusa chai.

Siku tatu kimya. Siku ya nne binti akaja na macho mekundu. "Hali chakula, mama. Anakaa karakanani kwake anaikodolea tu ile fremu. Anasema labda yeye ni mtu wa mageti na madirisha."

Usingizi ukampa Twiga kisogo. Asubuhi alianza kupanga vile vifaa alivyovivua kwenye baiskeli: uma hapa, cheni pale. Akaichukua nguzo ya siti ili aifute, na mkono wake ukasimama. Kwenye nguzo kulikuwa na alama iliyochongwa, ile inayomwonya mtu asiivute zaidi ya hapo. Na alama ya kubanwa, mkwaruzo aliouweka yeye kwa spana yake, ilikuwa vidole vitatu chini ya onyo. Miguu yake mirefu! Alikuwa ameivuta siti juu kama anavyofanya kila baiskeli anayoipanda, bila kufikiri. Majuma mawili, uzito wake wote umekuwa ukikaba bomba la fremu kwa kipande kifupi cha nguzo, kama mtu anayekongoa msumari.

"Lo! Twiga wewe," alijiambia. "Miaka thelathini!"

Hakubadilisha hata gauni la kazi. Aliichukua nguzo na kwenda mwenyewe kwa mkwewe, kwa miguu, mtaa mzima ukimtazama. Alimkuta kakaa kwenye ndoo, fremu magotini.

"Baba, nimekuja kuomba radhi," alisema, akampa nguzo. "Ufa ni wako, lakini aliyeupasua ni mimi."

Mkwe aliisoma ile nguzo kama barua. Twiga alingoja aone afueni usoni mwake, au hasira, yoyote aliyostahili. Lakini mkwe alianza kujikuna kichwa, kisha akainuka na kuchukua chaki na kuchora sakafuni.

"Mama, maofisa kumi na wawili. Warefu hawatakosekana."

"Hawatakosekana."

"Na wao watavuta. Nani anasoma alama?"

"Mimi sikusoma, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupima."

"Basi kosa ni la wote wawili." Akachora. "Bomba la siti nilirefushe, lipande juu ya maungio. Nguzo nayo iwe ndefu."

"Na hapa kwenye kona utie kibati. Kidogo tu, cha pembe tatu. Sio hivyo, lete chaki."

Twiga alipiga magoti sakafuni. Wakabishana. Mkwe alimwambia kibati cha ukubwa ule kitaongeza uzito bure, na Twiga akamwambia uzito atausukuma ofisa, si yeye. Mkwe akambishia tena. Binti alirudi kutoka shule akawakuta wote wawili wamejaa vumbi jeupe, wanazozana kwa raha, akaliweka begi lake mlangoni polepole asiwakatize.

Fremu ya pili ilikuwa tayari baada ya siku tisa. Twiga aliipa mateso yale yale, machimbo na mchanga na ngazi zote ishirini na mbili, siti imevutwa makusudi kupita onyo. Safari hii mkwe alisimama chini ya ngazi akimsubiri, mikono kichwani. Majuma matatu yakaisha. Mafuta ya taa, kisha chaki, na wakakaa pamoja kuitazama kwa saa nzima. Ilibaki nyeupe.

Kwenye karatasi ya ofisi palikuwa na nafasi ya kuandika mapungufu. Twiga alifikiri, akaandika kwa herufi kubwa: "Nzito kuibeba begani. Nyuma inakumbusha mtu kwamba ana mifupa. Mengine sikuyapata, na nimeyatafuta." Akatia sahihi.

"Mama," mkwe akasema, "hilo la mifupa lazima?"

"Lazima. Waliomba ukweli."

Ofisi ikakubali, na baada ya miezi mitatu baiskeli kumi na mbili zilichukuliwa na lori Jumatano moja, zimepakwa rangi ya kijani. Twiga alikwenda ofisini kumfungia kila ofisa siti kwa kimo chake. Wa tisa alikuwa mwanamke mrefu kuliko yeye, na wakaangaliana, macho kwa macho, wakacheka kabla hawajasalimiana.