Taulo Kumi na Moja

Mtunza bafu za wafanyakazi wanaokuja kazini kwa baiskeli, chini kabisa ya jengo la ofisi pale Brisbane, Australia, ni mtu wa kunung'unika. Viganja vyake vimekunjamana kwa maji kama vya dobi, na kila asubuhi hupita ndoano moja moja akizigusa taulo kwa nyuma ya mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. "Dada, umeoga wewe au imeoga sakafu?" Hiyo ndiyo salamu ambayo Maree wa ghorofa ya tisa ameizoea kwa miaka minne.

Jumanne ilinyesha mvua ya kufa mtu, na aliyekuja kwa baiskeli ni Maree peke yake. Ndiyo siku ambayo meneja wa jengo aliahidi kuja kuhesabu waliooga, kwa taulo zilizolowa; wasipofika watu kumi, bafu zinavunjwa, panakuwa maegesho ya magari. Maree alipotoka kuoga alimkuta mtunzaji anachovya taulo kavu kwenye ndoo, anazikamua, anazitundika. "Unaangalia nini? Shika ncha hiyo." Meneja akaja, akahesabu taulo mbichi kumi na moja, kisha akachungulia kwenye kizimba cha baiskeli.

"Mbona baiskeli ni moja?"

"Wengine huja kwa kukimbia, bosi."

"Kwenye mvua hii?"

"Ndiyo maana wamekimbia."

Meneja akaandika, akaondoka. Mtunzaji akarudi kwenye ndoano zake, akazigusa zote kwa nyuma ya mkono. Kwenye taulo ya Maree, iliyokuwa bado na joto, mkono ulikawia kidogo.

"Umeitundika upande," akasema.