Fyuzi ya Breki na Mkoba wa Dada

Sijawahi kuona mwanamume akilipenda bati kama shemeji yangu alivyolipenda gari lake la spoti. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, lilikuja kutoka Ujapani likiwa limeshatumika, na redio yake ilikuwa bado haijajifunza kushika stesheni za Nairobi. Kila Jumamosi alilipangusa kwa kitambaa laini mbele ya nyumba yao ya kupanga kule Kitisuru, taratibu, kama anayemfuta mtoto machozi, huku kikombe alichonywea chai kikimngoja dada yangu kwenye sinki. Kiti cha nyuma hakingemtosha hata paka mwenye heshima zake.

Siku za kazi shemeji alichukuliwa na gari la ofisi yao, na dada ndiye aliyeliendesha lile jekundu kwenda kazini Upper Hill. Ndipo fyuzi ya breki ikaanza kuungua. Fyuzi hiyo ikiungua, taa za breki zinakufa, na ukishaegesha, gia ya otomatiki haitoki tena, maana gari halitambui kwamba umekanyaga breki. Dada alikuwa akishuka jioni na kukuta gia imeganda, asimame pale kwenye maegesho mvua ikimnyeshea, atie fyuzi nyingine, aende. Baada ya siku mbili tatu, inaungua tena. Lakini shemeji akiliendesha yeye wikendi, halikuwa na neno.

Huko ndiko alikoitoa nadharia yake. Aliitangaza Jumamosi moja mchana, uani, mbele ya rafiki zake wawili, nyama iliyochomwa na dada ikiwa mbele yao.

"Buda, hizi gari za Ujapani haziharibiki," mmoja alisema akichokonoa meno. "Huwa zinaharibiwa."

"Ni mguu," shemeji akasema. "Huyu anakanyaga breki ni kama anaua mende."

Walicheka mpaka meza ikatikisika. Kisha akamgeukia dada, bila hata kuacha kutafuna. "Mama, kesho jioni hiyo funguo uirudishe. Jumatatu utatoka na miguu kama watu."

Watu gani? Ukitoka nyumba ile kwa miguu, ni mwendo mrefu kando ya nyua za michongoma hadi barabara kuu, alfajiri, magari yenye vioo vyeusi yakikurushia matope. Yeye hajawahi kuutembea mwendo ule hata siku moja. Dada aliweka bakuli la kachumbari mezani.

Nikasema kwamba tungeitafuta shida yenyewe.

"Mwandishi," shemeji akaniambia kwa upole wa kuudhi, "hii si hadithi. Hapa hakuna mhusika mwovu."

Dada alifuta mikono. "Kuja, kijana," akaniambia. Baba yetu alikuwa akitengeneza redio huko Uthiru, na sote wawili tuliijua mbinu yake: ng'oa fyuzi, unganisha balbu mahali pake. Umeme ukipita njia yake halali, balbu inawaka kinyonge. Ukipata njia ya mkato, inawaka kwa nguvu zake zote, na huna haja ya kuunguza fyuzi moja baada ya nyingine.

Tukaiunganisha balbu, nikaketi kwenye usukani, nikakanyaga breki. Balbu ikawaka kinyonge. Dada akatikisa nyaya chini ya dashibodi, akabamiza milango, akalisukasuka gari mpaka likalia. Kinyonge vilevile.

"Mmefika sura ya ngapi?" mmoja alituita kutoka mezani.

Dada akasimama ghafla. "Mkoba," akasema. Akaingia nyumbani, akarudi nao.

Mwanamke anayeendesha gari katikati ya jiji haachi mkoba kwenye kiti. Foleni ikisimama, mkono unaingia dirishani na mkoba unaondoka. Kwa hiyo unawekwa kwenye buti. Dada aliutupa pale alipozoea kuutupa, kona ya kulia, ukiwa na uzito wa viatu vya ofisini, mwavuli na mafaili. Balbu ikawaka hadi nikafumba macho. Akauinua, ikafifia. Akaurudisha, ikawaka.

Tukabandua zulia la ukutani mwa buti. Nyuma yake kulikuwa na ncha za skrubu, ndefu, zinang'aa. Shemeji alizikaza kwa mkono wake mwenyewe kupitia taa za nyuma hadi kwenye bodi, ili wezi wa mjini wasizichomoe taa zake, na alikuwa amejisifia kazi hiyo mwezi mzima. Alichagua skrubu ndefu kupita zote dukani. Moja ilikuwa imekwangua ganda la waya wa breki, na mkoba ulikuwa ukiusukuma waya uguse ncha.

Tulimwita. Akainama, akaigusa ncha kwa kidole. Rafiki zake nao wakainama. Nilisubiri neno moja tu, hata liwe dogo.

"Si niliwaambia?" akawageukia. "Ni yeye. Ni mkoba wake."

Nimeusikia ujinga mwingi katika vikao vya sisi waandishi, ukiwa umevishwa maneno mazuri. Huu ulikuja uchi, mdomoni bado una mafuta ya mbuzi.

Dada alifunga waya kwa utepe, akarudisha fyuzi. Kisha akaokota bisibisi. "Nazing'oa skrubu zote."

"Wewe! Wezi watabeba taa!"

"Basi zikae. Lakini mkoba hautaingia kwa buti tena, na mimi siuachi nyumbani. Utapakatwa, na mimi mikono yangu itakuwa kwenye usukani. Chagua."

Marafiki wakagundua kwamba nyama inapoa.

Jumatatu alfajiri skrubu zilikuwa bado mahali pake, na shemeji alikuwa ameliambia gari la ofisi lisije. Nilikuwa nimelala kwao wikendi hiyo, nikawatazama kutoka getini wakiondoka. Dada alikuwa kwenye usukani, ameegemea vizuri. Kando yake shemeji alikuwa amezama kwenye kiti, dirisha limepandishwa hadi juu, mkoba wa kahawia magotini, ameukumbatia kwa mikono miwili. Katika kila tuta la mteremko wa kutoka getini, dada alikanyaga breki, na taa mbili nyekundu zikawaka, zote mbili.