Kisigino cha Mpiga Saksafoni

Mpiga saksafoni wa bendi yetu ya zamani ya jazi hutunga muziki wa filamu akiwa ameizima sauti ya filamu yenyewe. Huketi mbele ya televisheni, viatu kavua, akafuatisha hatua za mwigizaji kwa kisigino mpaka zimkae mwilini. Ndipo huinua saksafoni. Vidole vyake vimepinda kama tangawizi, lakini havikosi pa kugusa. Siku hizi watu hubonyeza kitufe cha kompyuta, wakaletewa fidla mia zisizo na mpigaji hata mmoja, nao huuita huo muziki.

Jana, nami nikiwa kwake, mwongozaji wa filamu alikuja kusikiliza sehemu ya mjane anayerudi nyumbani kutoka mazikoni. “Mzee wangu, hapa mlangoni umenyamaza. Jaza, watu walie. Ukishindwa, kompyuta itajaza.” Mwenzangu hakubisha, aliirudisha picha nyuma. “Tazama miguu, mwanangu. Amesimama, nami nimesimama naye. Au wewe ungempigia mwenye msiba tarumbeta mlangoni?” Tukatazama tena sote watatu. Saksafoni ilitembea na mjane taratibu, ikafika naye kizingitini, ikanyamaza, ikabaki pumzi ya mpigaji tu. Mwongozaji alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena. “Iache hivyo hivyo, mzee.” Mwenzangu hakumtazama yeye, alitazama chini, kwenye mguu wangu. Nilimpigia ngoma miaka thelathini, na kisigino changu kilikuwa kimesimama pale pale kiliposimama chake.