Meno mawili ya bingwa wa Rumonge

Jumamosi nilikuwa kijijini Kizuka, kwenye mashine ya kukamulia mawese, nikisubiri bidoni yangu ijazwe. Mbele yangu wateja wawili, kijana muuza ndagala, dagaa wa ziwani, na mzee mmoja fundi cherehani, walikuwa wanabishana kuhusu bondia wa zamani wa Rumonge, yule ambaye mpaka leo tunaambiwa hakuwahi kushindwa.

"Hakushindwa sababu alichagua watu wa kupiga," kijana alisema, akirusha ngumi za mzaha hewani. "Wavuvi tu, wenye wametoka ziwani asubuhi, macho mekundu, usingizi umewajaa. Hata Bujumbura hakuenda kupigana. Ule iko bingwa gani, muzee?"

Foleni nzima ikacheka. Mzee hakucheka. Alitua bidoni yake chini, akafuta vidole kwenye suruali, kisha akapandisha mdomo wa juu ili kijana aone vizuri. Meno mawili ya mbele hayakuwapo.

"Mimi nilikuwa muvuvi," alisema. "Na siku ile nilikuwa nimelala vizuri."

Kijana akashusha ngumi zake, akageuka kuangalia mawese yakichuruzika.

Kama bondia yule alistahili sifa zote hizo, mimi sijui, sikumwona ulingoni. Ninachojua ni kwamba waliompigia makofi wamekwisha kumsahau, na aliyepigwa ndiye anayemtetea. Simlaumu. Nani anataka kuishi miaka yote hiyo bila meno, halafu aambiwe aliyeyang'oa alikuwa mtu wa kawaida?