Oveni Iliyotengenezwa Kupitia Dirishani

Jumatatu ya wiki ya pili ya Agosti mwaka jana, nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Muthangari nikikwaruza keki kwa kisu cha mkate, kama mtu anayebandua rangi kuukuu ukutani. Juu ilikuwa nyeusi tititi. Chini ya weusi huo ulikuwapo uji. Swichi ya oveni nilikuwa nimeiweka kwenye mia na themanini, kiwango nilichokitumia tangu binti yangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na hakikuwa kimepata kuniaibisha.

Keki ile ilikuwa ya majaribio. Jumamosi ya wiki hiyo wakwe walikuwa waje kutoka Vihiga kuleta mahari, na binti yangu alikuwa ameniomba jambo moja tu: keki ya kukatwa siku hiyo niioke mwenyewe, nyumbani kwetu. Hakutaka ya kuagizwa kwenye maduka ya Westlands, hata iwe na ghorofa ngapi. Jirani alipojitolea kutuazima oveni yake, binti alisema kwamba keki iliyookwa kwa jirani ni keki ya jirani.

Sababu hakuitaja, lakini niliijua. Siku kijana wake alipoletwa kwetu mara ya kwanza, nilimwuliza maswali mengi mno. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule katika ofisi moja katikati ya jiji, na mhariri haamini sentensi mpaka aigeuze juu chini na kuitikisa. Ukweli ni kwamba nilimpenda yule kijana tangu jibu lake la pili. Maswali yaliyofuata yalikuwa ya starehe yangu mwenyewe. Binti yangu hakuyapokea hivyo. Aliondoka na yakini kwamba mama yake anatafuta kasoro. Keki ndiyo ingekuwa neno langu mbele ya watu wote: mama ameridhika.

Jumanne nilipunguza joto nikaoka nyingine. Iliungua vilevile, ila kwa upole zaidi. Niliushuku unga, kisha mayai. Mume wangu, ambaye alifundisha historia maisha yake yote na huamini kwamba kila jambo lina chanzo cha mbali, alisema tatizo ni umeme. Siku hizi unakuja na nguvu usizozihitaji na kutoweka saa unapouhitaji. Fundi wetu wa siku zote alikuwa amesafiri kwao kwenye mazishi.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, nilinunua kipimajoto cha kuwekwa ndani ya oveni. Jioni nikakining'iniza kwenye wavu, nikaweka keki ya tatu pembeni yake, nikarudisha swichi kwenye mia na themanini, kisha nikavuta kigoda nikatazama kupitia kioo. Mshale ulipita mia na themanini bila kuamkia. Ukapita mia mbili. Ukaenda hadi mwisho wa duara, ukaegemea pale kama mtu aliyefika kwao. Taa ndogo ambayo huzimika joto linapotosha haikuzimika hata mara moja. Nilifurahi kupita kiasi: mpishi hakuwa na hatia.

Furaha hiyo ndiyo binti yangu aliyoikuta alipoingia akitokea kazini. Aliuona moshi, akaiona keki, akamwona mama yake ameketi kigodani anatabasamu.

"Mama," akasema, "kama humtaki, si useme tu. Usichome keki."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwonyesha kipimajoto, nikaueleza ushahidi wangu kwa utaratibu, naye akausikiliza kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu. Hapo nikamwambia ampigie simu mchumba wake, kwa kuwa alisomea uhandisi na kazi yake ni kufunga majiko makubwa ya mahoteli. Alisita. Kumwita kulikuwa sawa na kumjulisha kwamba keki ya mahari yake inaungua kila siku. Mwishowe akampigia.

Kijana alifika Alhamisi jioni na mkoba wa vifaa, akasimama nje ya mlango wa jikoni, akakataa kuingia. Kwa watu wa kwao mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake, na kabla mahari haijapokewa ndiyo kabisa. Sisi tuliokaa huku kando ya jiji tangu enzi za babu tulikuwa na miiko kama hiyo, ila tumeiacha njiani. Nilimsihi aingie. Akamgeukia binti yangu kwa adabu: "Mwambie mama nitasimama hapa nje. Jumamosi wazee wakiniuliza, sitaki kudanganya."

Basi akasimama chini ya dirisha, mgongo ukutani, akitazama bustani yangu ya sukuma wiki. Mimi nikapiga magoti mbele ya oveni. Binti akakaa kati yetu, kiwiko dirishani, awe mjumbe, ingawa kila mmoja wetu alimsikia mwenzake bila shida yoyote.

"Anasema uzime umeme pale kwa ukuta kwanza."

"Nimesikia. Mwambie nimezima."

"Amesikia."

Aliuliza kama swichi inalegea mkononi. Hailegei. Aliuliza kama kuna harufu ya waya ulioungua. Harufu ilikuwapo, lakini ilikuwa ya vanila. Kisha akauliza swali ambalo mjumbe wangu alilitamka polepole, akiangalia pembeni.

"Anauliza oveni ikiwa haitumiki, ndani huwa tunaweka nini."

"Hakuna," nikasema.

"Mama."

Katika jiji hili oveni ni kabati lenye kioo. Yangu ilihifadhi karai, vyuma viwili vya chapati na ile sufuria kubwa ya wali wa wageni, ambayo haitoshi mahali pengine na ambayo hata humo nilikuwa naisukuma kwa goti. Nilivitaja kimoja kimoja. Nje kikasikika kikohozi cha mtu anayemeza kicheko, halafu kijana akausahau ujumbe akasema moja kwa moja, "Mama yangu huweka hadi mkate."

Akaanza kueleza jinsi ya kuifungua swichi kwa nyuma, lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye sufuria. Nikajiuliza ukingo wake hugonga wapi nikiisukuma. Nikaingiza kichwa. Ukutani nyuma, juu kidogo, palikuwa na vibanio viwili vidogo vilivyokaa bure, havikushika kitu.

"Mwambie kuna vibanio vitupu," nikasema kutoka ndani.

Kijana akauliza, sauti imechangamka, kama kando yake pana tundu. Lilikuwapo. Binti aliacha dirisha akaja na tochi, kichwa chake kando ya changu, na humo tukaona ncha ya mrija wa shaba, mwembamba kuliko penseli, imejificha nyuma ya ukuta. Hicho ndicho kidole ambacho oveni hupimia joto lake. Sufuria yangu ilikuwa imekisukuma nje, kwenye ubaridi, nacho kikawa kinaripoti kwa uaminifu kwamba bado ni baridi, ongeza moto.

"Auvute mrija polepole," kijana akasema. "Asiukunje."

Niliuvuta milimita baada ya milimita, naye akinihesabia pumzi kutoka kwenye sukuma wiki. Mrija ulipokaa katika vibanio vyake, binti yangu alikuwa bado ananitazama mimi, si oveni.

"Kumbe unamsikiliza," akasema.

"Shika tochi vizuri," nikamjibu.

Tulipowasha, mshale ulipanda mpaka karibu na mia na themanini ukatulia, na taa ikazimika. Ijumaa nikaoka. Jumamosi keki ilikatwa, na kipande cha kwanza binti yangu alinilisha mimi mbele ya wazee wote, jambo ambalo halikuwa katika ratiba.

Mahari ilipokelewa, lakini kijana hakubadilika. Kila alipokuja alisalimia jikoni kutokea nje, akala chakula chake barazani. Hivyo, wiki kadhaa baadaye, nilimwandikia mama yake.

*Mama mwenzangu,*

*Salamu kutoka kwetu sote. Nimesikia kwamba huko Vihiga inasemwa mwanao aliingia jikoni kwangu kabla ya wakati wake. Mimi ni shahidi. Hakuingia. Ilipita sauti yake tu, na hata hiyo ilipitia kwa mjumbe.*

*Naandika kukuomba jambo. Anasema hawezi kuvuka kizingiti hicho mpaka wewe useme. Tafadhali sema. Kama pana kuku wa kuchinjwa, nitamchinja. Kama ni shuka la kukuvisha, nipe rangi uipendayo. Nimechoka kumpitishia chai dirishani, na mvua za vuli zimeanza.*

*Binti yetu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Nilikuwa nimeandika "mkwe wangu" katika kila mstari unaomhusu, naye akavuta kalamu na kuweka "mwanao". Tulibishana kidogo. Tumekubaliana kwamba hapa mwisho niandike "mwanangu", nawe ukiona nimepora, njoo umdai mwenyewe. Mwanangu huyo asubiriwe na kiti jikoni Jumapili.*

*Ni mimi, wa Muthangari.*